Mti Uliokatwa, Ghorofa Lililopanda na Kifua cha Mtoto

Leo tunatembelea mtaa wa Kilimani hapa Nairobi. Hata kama unaishi Kayole au Kisumu, usizime redio, kwa maana ya Kilimani yanakuhusu.

Waliokua Kilimani miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka nyumba za chini, kila moja ndani ya bustani yake, na mijakaranda kando ya barabara. Ikifika Oktoba, maua ya zambarau yalifunika lami. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 2000, nyumba hizo zikawa zinabomolewa moja baada ya nyingine. Palipoishi familia moja, leo kuna fleti za familia nyingi, na palipokuwa na nyasi pana saruji ya kuegesha magari.

Si vibaya watu kupata makao. Lakini miti ikiondoka na mjengo ukianza, mtoto huumia mapema kuliko sisi. Kwa nini? Mti hutia kivuli, hupoza hewa, na majani yake hunasa sehemu ya vumbi. Mtoto naye hupumua haraka kuliko mtu mzima, njia zake za hewa ni nyembamba, na kimo chake humweka karibu na ardhi, pale penye vumbi na moshi wa magari.

Sasa sikiliza kwa makini, mama. Tuseme jirani wanabomoa, na mtoto wako anakohoa. Unasema, "Ni vumbi tu la mjengo, litaisha." Huenda ni kweli. Lakini huenda ni nimonia, na nimonia haingoji mjengo uishe. Utajuaje?

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua. Hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima ukitazama saa. Mtoto wa chini ya miezi 2, mara 60 au zaidi ni nyingi mno. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12, mara 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, mara 40 au zaidi. Akifikisha hesabu hiyo, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au ametetemeka kwa degedege, kimbia hospitalini, hata kama ni usiku. Mfundishe na yaya dalili hizi, kwa sababu mara nyingi ndiye anayeshinda na mtoto.

Na kinga je? Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza. Hakikisha amepata chanjo ya nimonia, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka wa 2011. Hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wakati wa kubomoa, funga madirisha yanayotazama mjengo, ufungue ya upande mwingine. Panguza sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi kavu. Usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba.

Jambo lingine ni jua. Mtoto anayeshinda ndani ya fleti hukosa mwanga wa jua kwenye ngozi, ambao husaidia mwili kutengeneza vitamini D ya kuimarisha mifupa. Akiikosa kwa muda mrefu anaweza kupata matege. Jua la kupitia kioo cha dirisha halitoshi, kwa hiyo mtoe nje. Walio Kilimani wana bahati: bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907, iko karibu.

Mwisho, mama, usinyamaze. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Nendeni majirani kadhaa kwa msimamizi wa mjengo, mwombe amwagie vumbi maji na kufunika jengo kwa wavu. Akikataa, pelekeni malalamiko NEMA. Mwaka wa 2020, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way kule Westlands ulikuwa uondolewe kupisha barabara mpya. Watu walipaza sauti, na Novemba serikali ikaamuru uachwe.

Ikiwa uani kwenu kumebaki hata nafasi ndogo, pandeni mti. Mtoto unayemhesabia pumzi leo, kesho atakaa kivulini mwake.