BUNDUKI NDOGO SHAMBANI: CHOMBO CHA KAZI AU CHA MCHEZO?

Nakala ya mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya hadhara katika kata zinazopakana na maeneo ya wanyamapori



Kila msimu, mahindi yanapoanza kubeba na mihogo inapokomaa, swali moja hurudi katika mikutano ya vijiji. Mkulima aliyekesha dunguni usiku baada ya usiku, na ambaye watoto wake wanachelewa shuleni kwa sababu ya kufukuza nyani alfajiri, huuliza kama si afadhali auze ng'ombe wawili anunue bunduki ndogo: ile fupi, nyepesi, ya kaliba .22. Jirani yake humjibu kwamba bunduki hiyo ni ya kuchezea tu, ya watu wenye nafasi wanaokwenda uwanjani kulenga karatasi na makopo. Mmoja huiona kuwa dawa ya matatizo yake yote. Mwingine huiona kuwa mchezo wa watoto.

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja anaweza kuponzwa na sehemu asiyoiona. Anayeiona kuwa dawa anaweza kupoteza mifugo yake na bado asivune. Anayeiona kuwa mchezo anaweza kuishika kwa uzembe na kuua mtu. Kwa hiyo ni vyema jambo hili litazamwe kwa utulivu, hatua kwa hatua, kabla ya yeyote kuvunja akiba ya kaya yake.

Bunduki yenyewe

Kaliba ni kipimo cha upana wa mtutu wa bunduki au wa risasi yake. Kaliba .22 ina maana ya sehemu 22 za mia za inchi, yaani takriban milimita 5.6. Risasi yake iliyozoeleka zaidi ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na hadi leo ni miongoni mwa risasi zinazotumika kwa wingi duniani. Kipande cha risasi kinachoruka kina uzito wa takriban gramu 2.6 tu.

Karabini ni bunduki yenye mtutu mfupi kuliko raifo ya kawaida. Zamani ilikusudiwa askari wa farasi, ambao wasingeweza kubeba bunduki ndefu wakiwa mgongoni mwa mnyama. Karabini ya kaliba ndogo, kama Ruger 10/22 iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1964, huunganisha sifa mbili: ufupi wa mtutu na wepesi wa risasi. Haimpigi mtumiaji begani kwa nguvu, sauti yake ni ndogo, na risasi zake ni nafuu kuliko za raifo kubwa. Ndiyo maana hutumika kuwafundishia wanaoanza kulenga shabaha.

Ni kweli pia kwamba bunduki za kaliba hii zina heshima kubwa michezoni. Mashindano ya raifo ya mita 50 katika Michezo ya Olimpiki hutumia risasi hizo hizo. Lakini mchezo ule una kanuni kali: kila mtutu huelekezwa upande mmoja, nyuma ya shabaha pana kinga ya kuzuia risasi, na hakuna anayefyatua kabla ya amri. Anayesema "hii ni ya mchezo tu" akumbuke kwamba hata wanamichezo hawaichezei.

Funzo kutoka vitani

Mwaka 1941 Jeshi la Marekani lilipitisha bunduki fupi iliyoitwa M1 Carbine, yenye kaliba kubwa kidogo kuliko .22, lakini yenye risasi hafifu kuliko ya raifo kubwa ya askari wa miguu. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 6. Zilikusudiwa madereva, mafundi wa simu, watunza ghala na wengine ambao kazi yao ya kwanza haikuwa kupigana kwa bunduki. Kwa watu hao ilifaa sana, maana haikuwachosha kubeba. Vita vya Korea vilipokuja, askari wengi waliokabiliana na adui kwa umbali mkubwa katika baridi kali waliilalamikia kwamba haina nguvu ya kutosha.

Bunduki haikuwa imebadilika. Iliyobadilika ni kazi. Hivyo swali la kujiuliza ni hili: kazi iliyoko shambani ni ipi?

Mnyama yupi?

Kwa wanyama wadogo, mathalani ndezi, sungura au ndege waharibifu, bunduki ya .22 iliyo mikononi mwa mtu aliyefunzwa, mchana, kwa umbali wa mita 50 hivi, ni chombo cha kazi kamili. Kwa kazi hiyo si mchezo hata kidogo.

Nyani ni habari nyingine. Dume aliyekomaa huweza kuzidi kilo 20, na kundi lake huweza kuwa na wanyama makumi kadhaa. Nyani hujifunza upesi. Akiisha kuona mwenzake akianguka, huweka mlinzi juu ya mti, hukaa mbali na mwenye silaha, na huingia upande wa pili wa shamba. Mkulima mwenye bunduki moja na macho mawili hubaki akizunguka, huku mahindi yakiondoka.

Nguruwe pori huja usiku, na dume lake huweza kuzidi kilo 70. Risasi ya gramu 2.6 inaweza kumjeruhi bila kumwangusha. Nguruwe aliyejeruhiwa huingia kichakani, na asubuhi anayekutana naye ni mama anayekwenda kuchota maji au mtoto anayekwenda shule.

Tembo, kiboko na nyati wasizungumziwe kabisa pamoja na bunduki hii. Nguvu ya risasi ya .22 inapotoka mtutuni ni takriban juli 190. Risasi ya .375, mojawapo ya zile zinazotumika kwa wanyama wakubwa, ina takriban juli 5,800, yaani mara 30. Anayemfyatulia tembo risasi ya .22 hamfukuzi, bali humkasirisha, na tembo mwenye jeraha ni hatari kwa kijiji kizima.

Risasi isiyopata shabaha

Watu wengi hudhani kwamba bunduki ndogo haina madhara makubwa. Dhana hii ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Risasi ya .22 iliyokosa shabaha na kwenda juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Katika vijiji vingi, umbali huo unatosha kuvuka mashamba kadhaa, barabara na uwanja wa shule. Aidha, risasi hii ya mwendo wa wastani hudunda kwa urahisi inapogonga jiwe, ardhi ngumu au maji, ikageuka kwenda isikotarajiwa.

Upo pia udhaifu wa shabaha. Bunduki iliyorekebishwa kupiga sawasawa kwa mita 50, kwa mita 100 risasi yake huwa imeshuka kiasi cha sentimita 15. Mtumiaji asiyejua hilo hukosa au hujeruhi.

Sasa tafakarini hali halisi ya msimu. Ni usiku. Katika kila shamba lipo dungu, na katika kila dungu yupo mtu. Mwenye bunduki anasikia mahindi yakivunjika, anamulika tochi, anaona macho mawili yanang'aa, anafyatua. Nyuma ya macho yale hakuna kichuguu wala kilima cha kuzuia risasi. Lipo dungu la jirani. Hakuna gunia la mahindi linalolingana na uhai wa jirani huyo.

Sheria inasemaje

Silaha za moto nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Udogo wa kaliba hauondoi wajibu wa kuwa na leseni: karabini ya .22 ni silaha kamili mbele ya sheria, vilevile gobore la kienyeji. Anayetaka kumiliki silaha aanzie katika ofisi ya kijiji au mtaa wake, ambako tabia na makazi yake vinafahamika, kisha afuate taratibu za Jeshi la Polisi. Leseni hutolewa kwa mtu aliyeomba. Si mali ya ukoo. Baba mwenye leseni hawezi kumkabidhi kijana wake bunduki akalinde nayo shamba wakati yeye yuko mnadani. Bunduki ifungiwe, na risasi zitunzwe mbali nayo, pasipofikiwa na mtoto.

Kuwa na leseni ya silaha si kibali cha kuwinda. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Mnyama anayeuawa katika kujihami au kulinda mali hubaki kuwa mali ya Serikali, na tukio lake ni lazima liripotiwe. Nyama yake haigawanywi, na ngozi au meno yake hayahifadhiwi nyumbani. Mkulima mwenye shida ya kweli anaweza kujikuta mtuhumiwa kwa sababu tu hakutoa taarifa.

Njia zinazolinda shamba

Zipo njia zisizohitaji mtutu. Ya kwanza ni ya kale: kulinda kwa zamu. Mashamba yaliyopakana yakilimwa kwa pamoja, na kaya zikapeana zamu za kuamia ndege mchana na kupiga madebe usiku, watu wanne hufanya kazi ambayo mtu mmoja mwenye bunduki haiwezi. Kwa nyani, uwepo wa watu shambani kuanzia alfajiri hadi jioni ndio kinga kubwa.

Ya pili ni kuondoa vichaka vilivyogusana na shamba, ili nyani na nguruwe wasipate maficho hatua chache kutoka kwenye mazao.

Ya tatu ni uzio wa pilipili kwa ajili ya tembo: kamba ya katani iliyozungushwa shamba, ikatundikwa vitambaa vilivyochovywa katika mchanganyiko wa pilipili kali na oili chafu. Mvua ikinyesha, upakaji hurudiwa.

Ya nne ni uzio wa mizinga, uliojaribiwa kwa mafanikio karibu na Tsavo nchini Kenya. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mkulima hulinda mazao na huvuna asali.

Ya tano ni taarifa. Tembo, kiboko, nyati, simba au mamba akionekana, taarifa ifike mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji, kisha kwa Afisa Wanyamapori, ambaye huwasiliana na askari wa wanyamapori wenye silaha na mafunzo yanayostahili. Mazao yakiharibiwa, shamba lisiguswe mpaka tathmini ifanyike, maana kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa, hutegemea taarifa iliyoandikwa kwa mujibu wa Kanuni husika. Wapo wanaokosa haki hiyo kwa sababu walipalilia upya kabla ya ofisa kufika.

Hitimisho

Ndugu wananchi, karabini ya kaliba ndogo si mchezo, na si dawa. Ni chombo cha kazi moja finyu: mnyama mdogo, umbali mfupi, mwanga wa mchana, kinga nyuma ya shabaha, mtumiaji aliyefunzwa na mwenye leseni. Sharti moja kati ya hayo likikosekana, faida yake hutoweka na hatari yake hubaki.

Anayefikiria kuuza ng'ombe wawili ajiulize kwanza ni mnyama yupi anayemla, saa ngapi, na risasi yake ikikosa itaangukia wapi. Akikosa jibu la swali la mwisho, ng'ombe wabaki zizini. Kijiji chenye zamu zilizopangwa, vichaka vilivyofyekwa na taarifa zinazofika kwa wakati kitavuna zaidi kuliko kijiji chenye bunduki katika kila nyumba. Wenyeviti wa vijiji wanaombwa kulifanya suala la zamu za ulinzi wa mazao kuwa ajenda ya mkutano ujao, kabla mahindi hayajabeba.