MGONJWA ASIYEWEZA KUTAJA JINA LAKE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Waithaka)



Leo hatukusimama kusema habari ya mshahara, ingawa twajua ndiyo mliyoitazamia. Hiyo ataisema Katibu baadaye, nasi hatutaki kumnyang'anya kazi yake. Twataka kusema habari ya wazee wetu wenye ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimensia, na dawa wanazopewa wakilazwa hospitali. Sisi ni watu wa reli, na shule yetu ni ile ya msingi ya misheni. Lakini wako wanachama si wachache wenye baba au mama wa namna hii nyumbani, hapa Waithaka, Uthiru, Kawangware na Mutuini, na wengine katika wagonjwa hao ni wastaafu wetu wenyewe. Basi tuliwauliza wauguzi na mfamasia, tukaandika waliyotuambia.

Wengi husema, "Huo ni uzee tu," na wengine husema mzee amerogwa. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Namna yake iliyo nyingi kuliko zote ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Mzee husahau chakula cha asubuhi, lakini atakuhesabia zile injini kubwa za mvuke za darasa la 59 zilizopewa majina ya milima, moja moja. Nyumbani aweza kukaa vema, maana kitanda ni kile kile na mlango wa choo ni ule ule. Akipelekwa hospitali kwa nimonia au mguu uliovunjika, kila kitu ni kigeni, na taa haizimwi, na watu hubadilika kila saa chache. Hapo ndipo hatari ya dawa inapoanza.

Tuwaeleze yaliyompata mzee mmoja wa kwetu. Hospitali hatuitaji. Alilazwa kwa kifua. Katika wodi ile wauguzi walimwita "guka," kama walivyowaita wazee wote, kwa heshima njema kabisa. Lakini jina lake likapotea hapo hapo. Usiku nesi alikuja na dawa akauliza, "Guka, wewe ndiwe Kamau?" Mzee akaitika. Ndugu zangu, mnajua wenyewe ukiita Kamau katika wodi ya Nairobi wataitika watatu. Tena mgonjwa wa kusahau huitika jina lo lote, kwa kuwa aona haya kusema hajui. Akapewa kidonge cha sukari cha mtu mwingine, kinachoitwa glibenklamaidi. Alfajiri binti yake alimkuta amelowa jasho la baridi, haongei. Binti akapiga kelele, akapimwa damu, akatiwa maji ya sukari mshipani, akapona. Kama binti angalizuiwa mlangoni mpaka saa ya kutazama wagonjwa, tungalikuwa twazungumza matanga.

Je, tumlaumu nesi? Usiku ule alikuwa peke yake kwa wodi nzima. Sisi twaijua kazi ya namna hiyo. Mtu akifanya zamu ya pili bila kulala, akakosea, mkubwa huandika barua juu yake, lakini haandiki juu ya yule aliyepanga zamu.

Tena jambo la kukosea mtu si la wodi ndogo tu. Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa asiyestahili alipasuliwa kichwa kwa sababu vitambulisho vya wagonjwa wawili vilichanganyika. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ubongoni, mwenziwe alikuwa na uvimbe tu usiohitaji kisu. Madaktari walikuwa saa kadhaa katika kazi ndipo wakaona hakuna damu iliyoganda. Magazeti yote yaliandika. Wagonjwa wale hawakuwa wa dimensia, lakini funzo ni lile lile: mtu asiyeweza kujisemea huwa ni kile kilichoandikwa mkononi mwake.

Katika reli, treni haiingii njia moja kwa neno la mdomo tu. Stesheni masta hutaja namba, mwenziwe huirudia, ikaandikwa kitabuni, na dereva hakitembezi chombo mpaka amepata ruhusa yake. Twataka mzee wetu afanyiwe vivyo hivyo. Asiulizwe, "Wewe ndiwe fulani?" Nesi na asome utepe wa mkononi, jina kamili na namba, aulinganishe na karatasi ya dawa. Na utepe ukikatika ufungwe mwingine siku ile ile.

Sasa habari ya dawa zenyewe, maana hapa hata sisi wa nyumbani twaweza kuua kwa mapenzi.

Ziko dawa za kawaida zinazomvuruga akili mzee mwenye dimensia. Kile kidonge cha mwasho na mafua, Piriton, ambacho kila duka lauza, ni kimoja. Amitriptilini, inayotolewa kwa maumivu na usingizi, ni nyingine. Na kama mzee atumia donepezili, dawa ya kusaidia kumbukumbu, basi dawa hizo mbili huvutana naye kama kamba, hii yavuta huku na ile huku, na fedha yako yaenda bure. Hata hiyo glibenklamaidi tuliyoitaja, Shirika la Afya Duniani lasema haifai kwa watu wa zaidi ya miaka 60. Mzee wako akiwa anaitumia, usimwachishe wewe, mwulize daktari.

Jambo kubwa kuliko yote ni sindano ya kutuliza. Mzee akipiga kelele usiku, akang'oa mpira wa maji, husemwa ni mkorofi, naye hupigwa haloperidoli au diazepamu. Baada ya hapo hulala mchana kutwa, akiamka huanguka, na uji humwingia mapafuni. Mwaka 2005 idara ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za jamii ya haloperidoli huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 ikaliweka onyo hilo juu ya haloperidoli na zile za zamani pia. Hatusemi zisitumike kabisa. Mtu akiwa katika hatari ya kujiumiza daktari aweza kuitoa, kidogo, kwa siku chache, huku akitazamwa. Lakini kwanza na iulizwe: ana maumivu? Ana kiu? Hajaenda choo siku ngapi? Miwani yake iko wapi? Mzee aliyechanganyikiwa ghafula kuliko alivyokuwa juzi mara nyingi ana ugonjwa mwingine mwilini, kama mkojo mchafu au homa, na sindano huuficha tu.

Nasi tuna makosa yetu. Mama huja na dawa za nyumbani katika kitambaa, akampa mzee kwa siri baada ya nesi kumpa zile zile. Mwingine husaga kidonge katika uji kwa kuwa mzee hataki kumeza. Kumbe viko vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole mchana kutwa, na ukivisaga nguvu yote huingia mara moja. Mwingine haoni kwamba mzee ameficha kidonge shavuni akakitema chini ya mto. Na dawa za miti shamba hatuzitaji kwa daktari, eti twaona haya. Haya ya nini? Zitajeni.

Basi tawi laomba mambo haya. Mzee akilazwa, pelekeni dawa zake zote katika mfuko mmoja, na za miti shamba, mkazikabidhi mkononi mwa nesi au daktari, zisibaki kitandani. Siku ya kutoka, ulizeni ipi imeachwa, ipi imeongezwa, na kwa muda gani. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 watupa haki ya kuelezwa, na Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yataka wazee waishi kwa heshima. Tangu Oktoba 2024 twakatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya afya. Hatuulizi kwa hisani.

Kwa hospitali twaomba mtu mmoja wa jamaa aruhusiwe kukaa na mgonjwa wa dimensia nje ya saa za kutazama, hasa usiku. Na hapo mwajiri naye anaingia. Sheria ya Kazi ya 2007 yatupa siku 21 za likizo ya mwaka, lakini likizo ya kumwuguza mzazi haimo. Mwenzetu aliyelala wodini na baba yake aliandikwa mtoro. Twataka Katibu alitie jambo hili katika mazungumzo yajayo, hata kama ni siku 5 tu, na kama mwajiri hatakubali aseme hivyo kwa maandishi.

Tumepiga chapa karatasi ya kuandikia jina la mzee, dawa zake, saa za kumeza, vitu vinavyomdhuru, na simu ya jamaa. Iko mezani pale kwa mweka hazina. Kila nyumba ichukue moja, na asiyejua kuandika aje kwetu baada ya mkutano tumwandikie.