Mwalimu Afundishwe Kwanza

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu akili ya kutambua na ulimi wa kuulizia. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wake kwa waume, nyinyi mliohudhuria msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, na hasa nyinyi wanetu mnaosoma: leo tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yetu wakadhani si la mimbari. Tunataka kuzungumza juu ya mwalimu na vyombo vya kufundishia vinavyopatikana bure katika mtandao wa intaneti, na namna ya kumwelimisha mwalimu huyo ili avitumie darasani kwa manufaa ya watoto wetu.

Mnakumbuka kwamba mwezi wa Agosti 2022 nchi yetu ilifanya sensa ya watu na makazi, na makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya madaftari. Kazi ile ilipokwisha, Serikali iliamua vifaa vile, pamoja na vingine vilivyoongezwa, wapewe walimu wa shule za umma. Ugawaji ulianza mwishoni mwa mwaka ule ule, na hesabu iliyotajwa ilikaribia vishikwambi laki tatu. Hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa. Lakini tukiwauliza walimu tunaokutana nao katika mitaa yetu hii, kuanzia Msimbazi mpaka Lumumba, majibu yao yanatofautiana. Yuko aliyekigeuza kishikwambi chake kuwa maktaba, yuko aliyekifungia kabatini kisije kikapotea akadaiwa, na yuko ambaye chake kiko nyumbani, watoto wanakichezea magari. Hatuwalaumu. Mtu aliyepewa chombo pasipo kuonyeshwa kazi yake hana budi kukifanyia kazi anayoijua.

Jina la mahali petu hapa, Kariakoo, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mpagazi hubeba sanduku kutoka bandarini mpaka bara, jasho likimtiririka, wala hajui ndani mna nini. Qur'ani nayo imepiga mfano wa mnyama abebaye vitabu asinufaike navyo. Basi tuangalie sana: mwalimu wetu asije akawa mpagazi wa kishikwambi.

Ndugu zetu, kumtafutia mtoto mwalimu popote apatikanapo ni jambo la zamani katika dini yetu. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, walikuwapo mateka wa Kikureshi waliojua kusoma na kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikombolea. Imepokewa katika sira kwamba fidia ya mateka wa namna hiyo ilikuwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina mpaka wajue kuandika. Tafakarini hapo. Wale walikuwa maadui waliokamatwa na silaha mikononi, wala hawakuwa wa imani moja na wanafunzi wao. Juu ya hayo elimu waliyokuwa nayo haikutupwa, na aliyeweka masharti na kusimamia ni Mtume mwenyewe. Kwa hiyo anayesema kwamba mtandao umetengenezwa na wageni, tuachane nao, hana hoja. Hoja iko katika usimamizi.

Na katika nchi yetu pia jambo hili lina historia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameingia shule ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa hukohuko vijijini: wanafundisha sehemu ya siku, wanasoma masomo yaliyoletwa kwa posta, wanasikiliza vipindi vya Radio Tanzania, na wanatembelewa na wakufunzi. Makumi ya maelfu walipatikana kwa njia hiyo. Watu wa mjini, kama ilivyo desturi yao, wakafanya mzaha wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha ule haukuwa wa haki, kwa maana wengi katika wanaousema walifundishwa kusoma na walimu wale wale. Sisi tunaona kwamba kilichowasaidia walimu wale ni kuwa redio ilikuwa na mkufunzi nyuma yake, na masomo yalikuwa na mazoezi yaliyosahihishwa. Redio peke yake isingefua dafu.

Sasa tutazame vyombo vyenyewe. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba ya mtandaoni, na mwalimu anaweza kuvisoma bila ya kulipa. Watu wa Ubongo, waliopo hapa hapa Dar es Salaam, wametengeneza vipindi vya katuni vya hesabu na sayansi kwa Kiswahili, vilivyoanza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 2014. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Na katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, mwaka 2002, ulianzishwa mradi uitwao PhET ambao umetengeneza mifano ya sayansi inayotembea katika kioo: mwanafunzi anaunganisha waya na betri, anaona balbu inawaka, asiunguze kitu.

Chukueni mfano huo wa umeme. Mwalimu ana wanafunzi themanini na kishikwambi kimoja. Mwalimu ambaye hakufundishwa atakiinua juu, aseme, mnaona? Na wale wa nyuma, ambao hawaoni chochote, watajibu, ndiyo mwalimu. Somo limekwisha. Lakini mwalimu aliyefundishwa atakuwa ameutazama mfano ule usiku uliotangulia, akauhifadhi katika kifaa chake ili asihangaikie mtandao asubuhi. Ataanza na ubao na chaki: atachora betri moja na balbu moja, kisha atauliza, nikiongeza balbu ya pili katika waya huo huo, kwa kufuatana, mwanga wa ile ya kwanza utazidi, utapungua, au utabaki ulivyo? Kila mmoja aandike jibu lake katika daftari, kisha ashauriane na jirani yake. Hapo ndipo anapowaita kwa makundi kuja kutazama, na wengine wakiendelea na zoezi la ubaoni. Mtoto aliyeandika kwamba mwanga utazidi ataona umefifia, na moyoni mwake litaingia swali lisilomwacha alale. Hatimaye mwalimu atatoa betri na balbu mbili za tochi, vitu ambavyo hapa Kariakoo havimshindi mtu, aonyeshe kwamba kioo hakikusema uwongo.

Tazameni ni wapi palipofanyika kazi. Kishikwambi kilitumika dakika chache tu; kilichobaki chote ni ufundi wa mwalimu, yaani kupanga swali na kumwacha mtoto akosee kwanza. Ufundi huo haupakuliwi kutoka mtandaoni.

Tena kuna jambo la watoto wasioona. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, iliyo jirani yetu, imekuwa ikiwasomesha watoto wasioona pamoja na wenzao. Ipo programu iitwayo NVDA inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo katika kompyuta; aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, naye aliitoa bure ilhali programu nyingine za namna hiyo huuzwa kwa mamia ya dola. Mwalimu asiyejua kuwa kitu hicho kipo, mwanafunzi wake asiyeona atakikosa, na wala hatajua amekosa nini.

Neno bure katika lugha yetu lina maana mbili: kisicholipiwa, na kisicho na faida. Nyenzo hizi zaweza kuingia katika maana ya pili kwa urahisi sana. Kwanza, data zinalipiwa. Mwalimu anayenunua bando kwa mshahara wake ili afundishe mtoto wako amekwisha kutoa sadaka, naye hajaandikwa popote. Pili, mtandao hukatika. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima ilitaabika; aliyekuwa amepakua masomo yake mapema aliendelea na kazi. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, si kila kiandikwacho ni kweli. Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea programu za akili unde kama ChatGPT, ambazo humtungia mwalimu maswali ya mtihani kwa dakika moja. Zinasaidia, lakini zinaweza kukosea kwa lugha ya mtu mwenye uhakika, na hata kutunga hadithi isiyokuwapo zikaitaja na mpokezi wake. Umma wetu haukuanza leo kupambana na jambo hilo. Maulamaa wa hadithi walisafiri miji na miji kuuliza: nani kasema, kapokea kwa nani, na je, walikutana? Mwalimu afundishwe kuuliza maswali hayo hayo: nani ameandika, lini, na je, kinaafikiana na kitabu cha kiada? Aelezwe pia kwamba majina na picha za watoto si vitu vya kumwagwa ovyo katika programu za watu, na kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kuhusu mafunzo yenyewe, Serikali ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, ambao walimu wa shule moja hukutana hapo hapo shuleni kwa ukawaida, mmoja akaonyesha somo, wenzake wakamtazama, kisha wakajadiliana. Sisi tunaupendelea utaratibu wa namna hiyo kuliko semina ya siku moja yenye chai, vitumbua na cheti cha kushiriki. Mtu hawi fundi cherehani kwa kuhudhuria maelezo ya cherehani.

Lakini walimu wa madrasa zetu, na wengi wa shule zetu za binafsi, hawakuwamo katika mgawo wa vishikwambi, kwa kuwa ulikuwa wa shule za umma. Hao ni jukumu la nani kama si letu? Mitaa hii ya Kariakoo ina maduka ya simu na kompyuta yasiyohesabika, na mafundi vijana wanaoweza kuifungua simu na kuifunga wakiwa wamefumba macho. Kompyuta kuukuu moja, ikitiwa programu ya bure iitwayo Kolibri na masomo yakapakiwa, inaweza kuwahudumia walimu na wanafunzi waliomo chumbani kwa simu zao bila ya intaneti hata kidogo. Ukumbi wa msikiti uko wazi baina ya Adhuhuri na Alasiri. Walimu wastaafu, wazee wetu na mama zetu, wapo, na wanajua kupanga somo kuliko programu yoyote.

Basi tunapendekeza hivi. Mfanyabiashara mwenye kompyuta iliyokaa stoo ailete, na aandike kuwa ni wakfu ili isije ikauzwa. Kijana fundi atoe Jumamosi moja katika mwezi, naye ashike adabu, kwa maana kumfundisha mwalimu wako kutumia kioo hakukupandishi juu yake. Mwalimu mstaafu akae karibu naye, amkatize kila anapoanza kuvutiwa na mashine akasahau mtoto. Waanze na somo moja tu, tuseme hesabu ya darasa la tano, wasiguse la pili mpaka la kwanza limefundishwa mbele ya watoto na kukosolewa na wenzao. Na akina mama walimu wasikose kwa sababu ya saa kupangwa wakati wa mapishi. Waulizwe wao kwanza saa gani inawafaa, ndipo tangazo libandikwe mlangoni.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.