KIJANA MWENZETU AKISHIKWA NA KANSA, CHAMA KIFANYE NINI?

(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Katika mikutano yetu twazoea kusema habari za mishahara, saa za kazi na nyumba. Leo naomba kusema habari za vijana wenzetu wanaoshikwa na kansa, ugonjwa ambao wengine huuita saratani. Hii nayo ni kazi ya chama, kwani chama kiliundwa ili mtu asisimame peke yake mbele ya jambo lililo kubwa kuliko yeye.

Kwanza tuondoe maneno ya ovyo. Kansa si uchawi wala si laana, tena haiambukizwi kwa kupeana mkono, kula sahani moja au kulala chumba kimoja. Ni chembe za mwili wa mtu mwenyewe zinazoongezeka bila kipimo. Kwa mwaka 2022 wataalamu walikadiria kwamba watu zaidi ya 44,000 walipatikana na kansa katika Kenya, na zaidi ya 29,000 walikufa kwa ajili yake. Walio wengi ni watu wa makamo na wazee, lakini vijana nao wamo. Wako wenye kansa ya damu, ya tezi, ya mifupa, ya korodani, ya titi na ya mlango wa tumbo la uzazi. Na nyingine, kama ile ya korodani, mara nyingi hupona kabisa ikitibiwa mapema. Basi asiwepo mtu wa kumzika kijana kwa maneno naye yu hai.

Mtaniuliza, kwa nini nawataja vijana peke yao? Ni kwa sababu mzigo wao ni wa namna nyingine. Mzee akiugua ana mke, ana watoto wakubwa, labda ana shamba lake. Kijana ndio kwanza anaanza. Mshahara wake wasomesha wadogo zake. Alikuwa akipanga mahari, na sasa hajui kama mchumba atangoja. Nywele zimeanguka, mwili umekonda, na kliniki ameketi kati ya watu wenye umri wa baba yake. Wa rika lake wako kazini na uwanjani.

Namjua kijana mmoja wa genge la njia, wa miaka 24. Wiki ya kwanza ya ugonjwa wake chumba kilijaa watu hata viti havikutosha. Mwezi wa tatu hakuna aliyebisha hodi ila mama mmoja jirani, muuza maandazi. Kijana huyo aliniambia, “Kaka, sindano naivumilia. Kinachonishinda ni Jumapili mchana, nikiwasikia wenzangu wakipita kwenda mpirani.” Ndugu zangu, hapo hakuhitaji daktari. Alihitaji mtu wa kuingia na kuketi.

Basi yatupasa kufanya hivi:

1. Tumtembelee kwa zamu, wala si wote siku moja. Watu wawili kila wiki kwa mwaka mzima ni bora kuliko watu arobaini kwa siku moja. Mwenye mafua au kikohozi asiende, maana dawa za kansa hupunguza nguvu za mwili za kupigana na maradhi. Na mgonjwa aliye katika dawa hizo akipata homa ya digrii 38 au zaidi, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

2. Tuchunge ndimi zetu. Tusimwambie habari za fulani aliyekufa kwa ugonjwa kama wake, wala tusimwamuru acheke. Akitaka kulia, alie. Akitaka habari za mpira na za kazini, tumpe. Na akisema hataki tena kuishi, tusilichukue neno hilo kuwa mzaha. Tukae naye, na daktari aambiwe siku ile ile.

3. Tumsindikize kliniki. Masikio mawili zaidi husaidia, maana mtu mwenye hofu husahau nusu ya aliyoambiwa. Dawa nyingine zaweza kudhuru uzazi, na vijana wengi huona haya kuuliza. Yafaa aulize kabla ya matibabu kuanza, kwani mbegu za mwanamume zaweza kuhifadhiwa.

4. Tumkutanishe na kijana mwingine aliyepita njia hiyo hiyo. Neno la aliyepona lina uzito ambao letu halina. Tena tusiogope jina la hospisi. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na kazi ya namna hiyo si kungoja mauti tu, bali ni kutuliza maumivu, kumtia mgonjwa moyo na kuwashauri jamaa zake.

Sasa nije kwenye kazi. Kijana mwingine aliitwa ofisini na mwajiri wake, akapewa karatasi ya kuacha kazi, akatia sahihi. Alikuwa peke yake na hakujua haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu mwili wake hauwezi kazi, sharti kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama hapo. Kifungu cha 30 chatoa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo na mwenye cheti cha daktari. Siku hizo ni chache mno kwa mgonjwa wa kansa. Kwa hiyo twapaswa kudai zaidi katika mapatano yetu na waajiri, na kuomba kazi nyepesi kwa anayerudi.

Bwana Mwenye Kiti, naomba mkutano ukubali mambo matatu. Tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuandika zamu za kuwatembelea wagonjwa. Mweka hazina atenge fungu la nauli ya kliniki, na hesabu yake isomwe kila mkutano. Na kila mwanachama ajue kwamba mgonjwa akiitwa ofisini, haendi bila mjumbe.

Anayerudi kazini baada ya matibabu tumpokee kama mfanya kazi, wala si kama mzuka. Huenda akachoka upesi, na kila siku ya kupimwa tena hofu itamrudia. Tumngoje, naye atashika nyundo yake tena.