Njia ya Maji Usiizibe

Msikilizaji wa Goba, Kinyerezi, Tegeta na pembezoni mwote mwa Dar es Salaam, masika yanakaribia.

Kiwanja kinauzwa bei poa. Ni kiangazi, pakavu, mchanga mweupe. Dalali hakwambii kuwa hapo ni njia ya maji. Ulizia wenyeji: masika maji hupita wapi? Kisha fika ofisi ya serikali ya mtaa, kabla hujatoa hata shilingi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Na wewe uliyekwisha kujenga? Ukuta wa kukinga maji hauyamalizi. Unayasukuma kwa jirani, naye atajenga wake, mrefu zaidi. Njia ya maji usiizibe.

Zibua mtaro wa mbele ya nyumba yako sasa. Tope ulilotoa usiliache ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha. Uani usisakafie kote. Bakiza udongo na majani, maji yapate kunywewa.

Umeona kifusi kimemwagwa korongoni? Mwambie mwenyekiti wa mtaa leo. Njia ya maji usiizibe, wala usinyamaze ikizibwa.