Oili Ipi kwa Injini Yako?

Leo tunazungumzia oili ya injini, maana wengi wetu tukifika dukani tunasema tu, "Nipe galoni moja," tukaondoka na chochote tulichopewa.

Chukua Toyota Vitz au IST, magari yaliyojaa barabarani kwetu. Injini zake nyingi ziliundwa kwa oili nyepesi, kama 5W-30. Namba ya kwanza, yenye W, inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi; ya pili, uzito wake injini ikishapata moto. Sasa fundi atakwambia, "Hapa kwetu joto, weka 20W-50." Usikubali haraka. Mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa vali kufunguka na kufunga kwenye injini hizi, huendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba. Oili nzito huchelewa kufika juu unapowasha gari asubuhi, na hapo ndipo vyuma husagana. Petroli nayo huliwa zaidi. Gari lililochoka, linalokula oili, ni habari nyingine. Hapo fundi mwenye ujuzi anaweza kupandisha uzito, lakini akupe sababu.

Tazama pia herufi za kiwango cha ubora cha API kwenye kopo: S ni ya petroli, C ya dizeli. Na kopo ambalo lakiri yake imeguswa, liache palepale dukani.

Kabla ya sevisi ijayo, fungua kitabu cha gari, au soma kifuniko cha oili juu ya injini. Mara nyingi daraja limeandikwa hapo. Lipige picha, umwonyeshe muuzaji.