Simu ni Nyumba: Aingiaye Apite Mlangoni

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri, ambaye pamoja na kuyajua yote amezisitiri aibu za waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu! Nakuusieni, pamoja na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu, sisi wakazi wa milima ya Usambara twaijua maana ya kuishi karibu karibu. Toka Soni hadi Mlalo, toka Bumbuli hadi Mtae, nyumba zimejengwa miteremkoni, na ua wa huyu uko chini ya kizingiti cha yule. Akaaye juu, akitaka, aweza kuona kila lipitalo kwa jirani yake wa chini: nani kaja, nani kalia, chungu gani kimetelekwa. Lakini mwenye adabu hugeuza macho. Kuweza kuona hakukumpa ruhusa ya kutazama.

Leo kila mmoja wetu anayo nyumba ya pili aichukuayo mfukoni, nayo ni simu. Mkulima wa Lukozi ameweka humo hesabu ya kabichi na karoti alizopeleka Dar es Salaam. Mama ameweka picha za binti zake bila ya mitandio. Mgonjwa ameweka majibu ya daktari, na mdaiwa maneno yake ya kuomba muda. Aifunguaye simu ya mtu ameingia chumbani mwake; tena ameingia katika vyumba vya wote waliomwandikia, ambao hawapo wala hawana habari.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, ametukataza kuziingia nyumba za wengine kabla ya kutaka idhini na kuwasalimu wenyewe. Na katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, ametukataza dhana mbaya, na kupelelezana, na kusengenyana. Makatazo haya hayakuwekewa raia peke yao.

Wamesimulia wanavyuoni, naye Imam Ghazali amekitaja kisa hiki katika Ihya, ya kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa akizunguka usiku mjini Madina. Akasikia sauti katika nyumba, akaupanda ukuta, akamkuta mtu yumo katika maasi. Alipomkemea, yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amekosa mara moja, Khalifa amekosa mara tatu: amepeleleza, ameingia kwa ukuta badala ya mlango, na hakutaka idhini wala hakutoa salamu. Sayyidna Umar hakukasirika. Alimwuliza kama atatengenea akisamehewa. Alipokubali, alimwacha akaenda zake.

Zingatieni, ndugu zangu. Mpanda ukuta alikuwa Khalifa mwadilifu; kosa alilolikuta lilikuwa kosa la kweli; nia yake ilikuwa kuzuia uovu. Juu ya yote hayo, alikubali kuwa njia ilikuwa mbaya.

Na hapa kwetu pia wazee wetu waliona jinsi nia njema isivyotosha. Katika mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi isimomonyoke. Ardhi kweli ilikuwa ikimomonyoka. Lakini watu walishurutishwa kuchimba matuta, na mashamba yao yakakaguliwa bila ya wao kuridhia. Wakapinga, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Kusudi zuri lililopitia njia ya shuruti halikudumu.

Sasa tutazame sheria za nchi yetu. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine mwaka 1984, inamhifadhi kila mtu katika nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Huo ndio ukuta wa nyumba. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri ya kuingia, kupekua na kuchukua vyombo hivi, akitosheka kuwa ipo sababu ya kushuku, bila ya kupita kwanza kwa hakimu. Mwezi wa Desemba 2016 alikamatwa Maxence Melo wa JamiiForums, aliyekataa kuwapa polisi habari za watu walioandika katika mtandao wake. Na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimhukumu, kwa kuzuia upelelezi, faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1. Hatukusimama mimbarini kuihukumu mahakama. Twauliza tu: anayetaka kuingia na anayetoa ruhusa ya kuingia wakiwa wa nyumba moja, mlango uko wapi?

Polisi wana kazi ya haki. Mwizi wa fedha za simu na mwenye kuwahadaa watoto wasipate kimbilio kwetu. Twaomba tu kwamba sababu itajwe, hakimu aipime, na kinachotafutwa kiwe na mpaka.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu. Enyi Waumini! Ukitakiwa simu yako njiani au nyumbani, usikimbie wala usitukane. Uliza kwa upole jina la askari, kituo chake na sababu. Ikichukuliwa, dai stakabadhi, kwani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeiamuru. Na jueni kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeunda Tume ya kupokea malalamiko ya wanaodhulumiwa habari zao, ijapokuwa imeacha nafasi kwa mambo ya usalama na upelelezi.

Kisha tujihesabu wenyewe. Mume aipekuaye simu ya mkewe naye amelala, kijana asambazaye picha ya aibu ya jirani yake, wote hao wamepanda ukuta. Vipi tutamtaka askari apite mlangoni, na sisi majumbani mwetu twaingia kwa dirisha?

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu, na utusaidie kusitiri za wenzetu. Wape viongozi wetu uadilifu, na wanaolinda usalama wetu uwape hekima na huruma. Ijaalie milima hii amani, mvua ya kheri na riziki ya halali. Amin.

Simamisheni Sala.